Msimu Tuliopima Mkono wa Gramafoni

Kifuniko cha gramafoni ya mjomba kilipoinuliwa, harufu iliyotoka ndani ilikuwa ya grisi ya springi, ya chuma kilichoshikwashikwa na mikono ya watu, na ya kile kitambaa kizito cha kijani kilichofunika sahani inayozunguka, ambacho kilikuwa kimenyonya vumbi la Manyoni mpaka kikabadilika rangi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa harufu ya Jumapili. Siku nyingine zote nyumba yetu ilinuka moshi wa kuni, uji wa uwele, na yale mafuta meusi ambayo baba alirudi nayo kwenye nguo kutoka kazini. Tulikaa nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, upande wa magharibi wa stesheni, pale ambapo treni ya kwenda Tabora ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushika mwendo. Kila ilipopita, vikombe viligongana kabatini na mama alinyoosha mkono kuvishika bila hata kugeuza uso. Kiangazi upepo ulivuma kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, ukaleta mchanga mwekundu ndani ya ugali, ndani ya masikio na ndani ya kurasa za daftari zangu.

Baba alikuwa mnyapara wa gengi la reli. Kipande chake cha njia ya reli kilikuwa kirefu, na katika kipande hicho hapakuwa na taruma la kulazia reli lililolegea ambalo yeye hakulijua. Alikuwa Mnyaturu wa Ihanja aliyekuja Manyoni akiwa kijana kutafuta kazi ya kibarua, akapanda hatua kwa hatua mpaka Waingereza wa ofisi ya reli wakawa wanamuuliza yeye kabla ya kuandika ripoti zao. Hakuwahi kukaa darasani. Alijifunza kusoma kwa kutazama vibao vya majina ya stesheni, na hesabu alijifunza kwa kamba na kijiti. Alijivunia kazi yake waziwazi, na sisi watoto tulijivunia pamoja naye. Nilikuwa binti wa kwanza, nikiitwa Tabita, na mwaka huo ninaousimulia nilikuwa nasoma katika shule ya wasichana ya misheni huko Kilimatinde. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma yake.

Gramafoni haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mjomba Samweli, mdogo wake mama, ambaye alikwenda vitani Burma akarudi na viatu vizuri, kovu kwenye kidevu, na lile sanduku lenye handeli. Alikaa nasi miezi michache, akapiga gitaa barazani mpaka akina mama waliokuwa wakipita na ndoo za maji wakawa wanazitua chini bila kujua. Kisha akaenda Nairobi kutafuta maisha, akaliacha sanduku kwa dada yake ili limsubiri. Mwaka uliofuata, treni ilituletea kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu na magazeti. Ndani yake kulikuwa na santuri moja. Mjomba alikuwa ameimba mbele ya mashine ya kunasa sauti huko Nairobi, na nakala ilikuwa ile moja tu, aliyopewa yeye. Wimbo ulikuwa wa Kiswahili, wa kuchekesha, juu ya mwanamume aliyenunua baiskeli kabla hajajua kuipanda. Lakini pale mwisho kabisa, gitaa likiwa bado linatembea polepole, mjomba aliacha kuimba akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kawaida kama mtu aliyesimama mlangoni: “Mama, huyu ni mimi Samweli. Nimekula, nimeshiba. Mvua zikiisha nakuja.”

Hakuja. Kifua kilimshika hukohuko, akakohoa miezi miwili, na barua iliyotufikia ilikuwa ya mtu aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Walimzika Nairobi. Hakuna mtu wa kwetu aliyepata kuliona kaburi. Kwa hiyo bibi yangu, mama yake mama, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na alikuwa akiona mwanga tu na vivuli, alikuwa na kitu kimoja tu cha mwanawe, nacho kilikaa nyumbani kwetu ndani ya mfuko wa karatasi. Kila mwaka baada ya mavuno, mtama ukiwa umeshaingia ghalani, alipanda lori pale Ihanja akaja Manyoni kukaa nasi wiki tatu au nne. Alikuja kumsikiliza Samweli. Alipigiwa santuri mara moja kila Jumapili, akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na meza, mikono imekunjwa mapajani, na yale maneno ya mwisho yalipofika aliyaitikia kwa sauti ndogo, “Haya, mwanangu.”

Likizo ile nilishuka kutoka Kilimatinde kwa miguu pamoja na wasichana wenzangu wawili, nikiwa na sanduku la bati kichwani, na ndani ya sanduku, kati ya nguo zangu, mlikuwa na bikari na kipimapembe ambavyo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amenikabidhi nifanyie mazoezi. Nilikuwa nimeipenda hesabu ya maumbo kwa namna ambayo wenzangu waliona ni ugonjwa. Nilipofika nyumbani nilimkuta bibi ameshafika siku mbili kabla yangu. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu,” akanishika uso kwa viganja vyote viwili kupima nimekua kiasi gani. Mama alinieleza jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba gramafoni ilikuwa imeanguka. Baba aliombwa aipeleke kwenye harusi ya jirani, akaifunga nyuma ya baiskeli, na pale kwenye kivuko cha reli kamba ikateleza. Sanduku lilipasuka nyuma, mkono wa kubebea sindano ukang'oka pamoja na kipande cha mbao. “Lakini baba yako ameshaitengeneza,” mama alisema. “Inaimba.”

Na kweli iliimba. Jumapili iliyofuata tulikaa wote: mama, baba karibu na mlango kama ilivyompasa mkwe, wadogo zangu watatu kwenye mkeka, na bibi kwenye kigoda chake. Baba aliweka sindano mpya, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na sindano ya chuma ilikuwa ni ya kupiga upande mmoja tu na kutupwa. Akazungusha handeli, akashusha mkono. Wimbo ulianza vizuri, gitaa likilia kama zamani. Ulipofika katikati, nikasikia kitu kama mchanga ndani ya sauti ya mjomba. Kadiri sindano ilivyosogea kwenda ndani, mchanga ukazidi. Ilipofika kwenye maneno ya mwisho, sauti ilikuwa inakwaruza na kukatika, na lile neno “nimeshiba” lilitoka kama mtu aliyebanwa kifua.

Bibi hakuitikia. Sahani ilizunguka mpaka ikasimama yenyewe. Kisha akasema, “Mbona mwanangu anakohoa?”

Mama akasema ni mashine tu, imeanguka, bado haijakaa sawa. Bibi alitikisa kichwa. “Jumapili iliyopita hamkunipigia, mlisema nimechoka na safari. Kumbe mlikuwa mnanificha. Samweli alikufa akikohoa, na mpaka sasa bado anakohoa. Hata huko aliko hajapona.” Akasimama akishika ukuta, akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Jioni hakula. Asubuhi yake alikunywa maji tu, akamwambia mama amtafutie lori la kurudi Ihanja wiki itakayofuata, na kwamba santuri ile isipigwe tena akiwepo, wala asipokuwepo. Mama aliitia santuri ndani ya mfuko wake, akaiviringisha kwenye kanga mbili, akaifungia kwenye sanduku la nguo. Baba alikwenda kazini mapema kuliko kawaida.

Sikukubali kwamba hakuna la kufanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetoka kwenye shule ambako kila swali lilikuwa na jibu nyuma ya kitabu, na niliamini kabisa kwamba hili nalo lina jibu. Kulikuwa na santuri nyingine ndani ya nyumba, ya tarumbeta za askari, ambayo mjomba alipewa pamoja na sanduku na ambayo hakuna aliyeipenda. Mama alipokwenda kisimani niliipiga hiyo. Niliweka sindano mpya, nikatazama kwa karibu. Mwanzoni sindano ilikuwa safi. Ilipokaribia katikati, tarumbeta zikaanza kukwaruza vilevile, na kwenye ncha ya sindano pakaanza kukusanyika unga mweusi mwembamba. Nikaufuta kwa kitambaa cheupe, ukajitokeza tena. Ule unga ulikuwa ni santuri yenyewe. Sindano ilikuwa inaila. Nikahesabu kichwani: kila tulipompigia bibi, yale maneno ya mwisho yalikuwa yanachimbwa na kutupwa hewani, na hayakuwa na mahali pengine popote duniani yalipoandikwa.

Nikachukua karatasi ngumu ya nyuma ya daftari, nikatoboa tundu katikati, nikaivika kwenye kile chuma kinachoshika santuri. Kwa bikari nilichora duara kubwa na duara dogo, moja mahali wimbo unapoanzia na moja unapoishia. Kisha nikashusha sindano juu ya kila duara na kutazama kutoka juu. Kwenye duara kubwa, kile kichwa cha gramafoni kilichobeba sindano kilikaa sambamba na mstari, kama mtu anayetembea njiani akitazama mbele. Kwenye duara dogo kilikuwa kimekaa upande, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba na hataki kwenda. Nilipima kwa kipimapembe, nikarudia mara tatu. Kosa halikuwa dogo.

Sababu yake haikuwa ngumu kuiona ukishaitazama. Mkono wa gramafoni umefungwa mahali pamoja, nyuma ya sanduku, kama mlango kwenye bawaba zake. Ukisogea, sindano inachora upinde. Lakini mistari ya santuri inazunguka kitovu chake yenyewe, na upinde wa mlango haufuatani na duara. Ndiyo maana waliotengeneza mashine hizi waliupinda mkono shingoni, na wakaufunga kwa namna ambayo sindano, ukiivuta mpaka katikati, inapita kidogo kile chuma cha kati. Wa kwetu haukupita. Haukukifikia hata hicho chuma. Nikainama kutazama nyuma ya sanduku, nikaona skrubu tatu mpya, na mbele yake mashimo matatu ya zamani yamezibwa kwa nta juu ya mbao iliyopasuka. Baba, alipoona mbao imepasuka, alirudi nyuma upana wa kidole gumba kutafuta mahali pagumu, akakaza hapo.

Kwa hiyo nilijua kosa ni la nani. Hapo ndipo penye ugumu. Katika nyumba yetu watoto hawakumwambia baba kwamba amekosea, na baba mwenyewe alikuwa amekwisha kuadhirika mbele ya mama mkwe wake. Jioni, alipokuwa ananawa miguu nje, nilimpelekea maji ya kuongezea, nikapiga magoti.

“Baba, naomba uangalie kitu.”

“Kitu gani?”

“Mkono wa gramafoni. Haukukaa pale ulipokuwa.”

Aliacha kunawa. “Nani kakuambia?”

“Nimepima, baba. Kwa vifaa vya shule.”

“Tabita,” alisema, bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka, “mimi nimenyoosha reli kutoka hapa kwenda Itigi. Treni zinapita, watu wanalala ndani yake. Leo nishindwe na skrubu tatu?”

Mama alikuwa mlangoni. “Baba Tabita, mtoto anasema uangalie tu. Kuna ubaya gani?”

Baba alivaa makubazi yake akaondoka, akaenda kukaa kwa jirani. Nililala nikijua nimekosa adabu, na nikijua pia kwamba nimepima sawasawa, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa kitanda kimoja.

Kesho yake mchana nilitumwa kumpelekea chakula. Gengi lilikuwa linafanya kazi kwenye kona ya reli, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na vibarua walikuwa wamekaa chini ya kivuli cha toroli lao wakila. Baba alikuwa peke yake mbele, amechuchumaa kando ya reli ya nje. Nilimwamkia, nikatua bakuli. Hakuligusa. Alipitisha kidole upande wa ndani wa ile reli, kisha akanionyesha kidole chake. Kilikuwa kinametameta kwa unga wa chuma.

“Unaona huu? Gurudumu likiwa halikukaa vizuri na kona, linakwenda upande. Linabana reli, linaitafuna. Kwenye mnyooko huoni kitu, mambo yote ni mazuri. Linatafuna kwenye kona tu.” Alifuta kidole kwenye suruali. “Ule unga wa sindano ulisema ni mweusi?”

Sikuwa nimemwambia habari ya unga. Nilimwambia mama. “Ni mweusi, baba. Na unatoka mwishoni tu, kule ambako duara ni dogo.”

“Kule kona inapokaza,” alisema. Akavuta bakuli, akaanza kula. “Nikirudi tutaangalia.”

Siku nne zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko siku nyingine za utoto wangu. Baba alirudi saa tisa, akanawa, na tukakaa barazani upande usio na upepo, sanduku likiwa kati yetu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua karatasi yangu na kuitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua uzi, akaupima kutoka kwenye kitako cha mkono, pale unapozungukia, mpaka kwenye sindano, akaufunga fundo, na kutoka kwenye kitako mpaka kile chuma cha kati, akafunga fundo la pili. Mafundo yalionyesha jambo lilelile lililoonyeshwa na kipimapembe. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Alisema, “Lete bisibisi.”

Tulifungua skrubu zote. Baba alichonga kipande cha mninga kwa kisu, akakiingiza penye ufa kwa gundi aliyoomba kwa seremala wa stesheni, akakibana kwa kamba usiku kucha. Lakini hakutaka kutoboa tena kabla ya kuwa na uhakika, kwa sababu mbao ile isingevumilia mashimo ya mara ya tatu. Hapo akakumbuka nta. Watu wa Itigi walileta nta stesheni kwa magunia, na bonge lake halikukosekana nyumbani. Tuliipasha moto, tukasimamisha kitako cha mkono juu yake, ikawa tunaweza kuusogeza mbele na nyuma upana wa unyasi, kisha tunaacha ipoe na kujaribu. Mimi nilishusha sindano juu ya karatasi, yeye alitazama kutoka juu akiwa amefumba jicho moja kama alivyozoea kutazama reli. “Bado. Rudisha kidogo. Hapo. Hapana, umepitiliza.” Tulijaribu pia kwa santuri ya tarumbeta, na kitambaa cheupe kando, mpaka jirani mmoja akauliza kama kuna askari wanaokuja.

Siku ya tatu tuligonga mwamba. Tulipopata mahali ambapo kichwa kilikaa sawasawa kwenye duara dogo, kilikuwa kimepotoka kidogo katikati ya santuri. Tukirekebisha katikati, mwisho unapotoka. Nilijaza ukurasa mzima wa daftari kwa kuchora, na nikamwambia baba kile nilichokiona: kwamba mkono wa namna hii hauwezi kukaa sawa kila mahali. Unaweza kukaa sawa mahali pawili tu, na kwingine kote lazima kuwe na kosa, liwe dogo namna gani.

Nilidhani atakasirika. Badala yake alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nije likizo. “Hata kona ya reli iko hivyo. Treni ya haraka inataka hivi, ya mizigo inataka vile. Huwezi kuziridhisha zote. Unauliza tu, ni ipi inayobeba watu.” Akanitazama. “Haya, mwanafunzi. Kosa tuliweke wapi?”

Alitaka mwanzo uwe safi, kwa sababu mgeni husikia mwanzo. Nikasema hapana. Nilisema tuliache kosa pale mwenye baiskeli anapoanguka, kwa kuwa pale watu huwa wanacheka na hawasikii kitu, na mahali pamoja pa usahihi pawe kwenye maneno ya mjomba, kwenye duara lilelile ambapo anamwita mama yake. Nilisema hivyo bila kushusha macho. Baba alichukua bisibisi, akaichezesha mkononi. “Weka alama,” akasema.

Jumapili ilifika, na lori la bibi lilikuwa la Jumatatu. Kazi ngumu ya siku ile ilikuwa ya mama. Alitoa santuri kwenye sanduku la nguo, akaishika kifuani na kumwambia baba, “Mna hakika? Maana ikichimbwa mara hii, basi.” Tarumbeta zilikuwa zimepita mara tatu bila kuacha unga wa kuonekana, lakini zile zilikuwa tarumbeta. Baba alisema, “Muulize aliyepima.” Mama akanigeukia. Nikamwambia nina hakika. Nilikuwa nayo kweli.

Bibi hakutaka kutoka chumbani. Mama aliingia, wakazungumza Kinyaturu kwa muda, na hatimaye bibi akatoka akiwa amejifunga shuka lake la safari, akaketi kwenye kigoda kama mtu aliyeitwa kusikiliza kesi. Baba alizungusha handeli. Kisha akanyanyuka kutoka mahali pake karibu na mlango, akasogea pembeni. “Weka wewe,” akaniambia, mbele ya mama mkwe wake na mbele ya kila mtu. “Mimi niliufunga vibaya. Huyu ndiye aliyeona.”

Nilishusha sindano. Gitaa likaanza. Mwenye baiskeli alinunua, akapanda, akaanguka, na pale kweli palikuwa na ukwaruzo mdogo, wadogo zangu wakacheka juu yake. Sindano ikaendelea kwenda ndani. Nilikuwa natazama ncha yake tu, nikitafuta unga. Hapakuwa na kitu. Mjomba aliacha kuimba, gitaa likatembea polepole, naye akasema: “Mama, huyu ni mimi Samweli. Nimekula, nimeshiba. Mvua zikiisha nakuja.”

Haikuwa kama zamani. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, na katika neno moja au mawili palibaki kitu kidogo, mkwaruzo mwepesi kooni. Lakini hakubanwa, hakukatika, na kila neno lilisimama peke yake. Sahani ikazunguka bila sauti. Tulimtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likielekea kwenye sanduku, na alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mdogo wangu wa mwisho akaanza kujikuna.

“Ana mafua tu,” bibi akasema. “Upepo wa Nairobi ni wa baridi.” Kisha akaitikia, “Haya, mwanangu.” Akaomba chakula.

Aliahirisha lori, akakaa nasi wiki mbili zaidi. Akatoa amri kwamba Samweli asisumbuliwe kila Jumapili. Apigiwe mara moja tu kwa mwaka, yeye akija baada ya mavuno, na hivyo ndivyo tulivyofanya mpaka alipofariki. Baba alitoboa mashimo yake, akakaza skrubu, na watu walipomuuliza ni fundi gani aliyeitengeneza gramafoni, alijibu kwamba ni fundi wa Kilimatinde. Likizo ilipokwisha alinisindikiza mpaka chini ya kilima cha Kilimatinde, akanibebea sanduku la bati, na njia nzima aliniuliza mambo ya bikari. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita, nimewafundisha watoto ambao sasa wanajenga madaraja, na sijapata mwanafunzi aliyeuliza maswali mazuri kama yale.

Sasa hivi ninakaa na mjukuu wangu Daudi, ambaye ni mhandisi Dodoma, na ambaye, kama vijana wengine wa siku hizi, amerudia kupenda santuri. Amenunua mashine ya umeme yenye mkono mwembamba kama mguu wa korongo, na ilikuja na kadi iliyochapwa vizuri, yenye vitone viwili, kimoja kwa kila mahali ambapo mkono hukaa sawa, ya kupangia sindano. Alipoanza kunieleza maana ya vitone viwili nilimwacha amalize, kisha nikamweleza mimi. Santuri ya mjomba bado ipo. Daudi aliipiga mara moja kwa sindano inayofaa, akainasa kwenye kompyuta, akaisafisha siku nzima, na mwisho akanitumia kwenye simu. Gitaa linasikika kama limeletwa leo asubuhi. Unaweza kuipiga mara elfu na haitoi unga. Wakati wetu kila kusikiliza kulikuwa na hasara yake, na kwa ajili hiyo watu saba walikaa kimya dakika tatu nzima, hata wadogo. Siku hizi hakuna kinachopungua, na mara nyingi nasikiliza peke yangu huku nachambua mchele. Sisemi lipi ni bora. Ningempa bibi yangu simu hii bila kufikiri mara mbili.

Lakini jioni ileile aliponitumia, Daudi alikuja akaketi karibu yangu, akaipiga mpaka mwisho, akasimamisha. Alizaliwa mjini, mama yake ni Mhaya, na nyumbani kwao wanaongea Kiswahili na Kiingereza.

“Bibi,” akaniuliza, “hapa mwishoni anasema nini?”

Nikamweleza neno baada ya neno. Kisha nikamwambia ayaseme yeye, kwa Kinyaturu. Akajaribu, akakosea. Nikamrekebisha, akarudia. Akakosea tena mahali palepale, nikamwambia asogee karibu, atazame mdomo wangu.